Niliunga Mkono Maghala Mlangoni kwa Dada Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kwa kawaida mimi ndiye huombwa, maana hapa kwetu hata nguzo ya umeme haisimami mpaka niitwe niseme isimame wapi, na mwenyekiti wa kamati ya mtaa hafungui kikao kabla hajaniona kiti cha mbele. Sasa likaja ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi ya barabara ya nyuma, kutoka makazi kuwa maghala, kamati ilipitie na kusikiliza watu kabla ya kupeleka maoni baraza la mji, na huko ndiko anakoishi dada yangu na mumewe aliyekuwa mchonga mawe, kifua kimekwisha, uani pakifagiliwa tu anakohoa mpaka anashika ukuta, sasa fikiria malori. Dada hakuweza kumwacha mgonjwa, akaniambia, "Kaka, nenda ukanisemee." Nikamjibu, "Hilo limekwisha, niachie mimi."

Kikaoni mwenyekiti akasoma weee, akauliza nani anaunga mkono, nami kwa mazoea nikasimama wa kwanza, makofi yakalia, wengine wakanifuata. Kumbe ni maghala! Dada hajui. Jana kanipikia chai, na shemeji kwa sauti ya kukwaruza akasema, "Bila wewe, shemeji, tungekuwa wageni wa nani?" Nikanywa, nikaomba na kikombe cha pili. Watu wengine nimewaambia nilitishwa na matajiri. Uongo mtupu. Nilikuwa nimesinzia, mshauri, mpaka udenda ukalowesha shati.

Mjomba wa Mtaa

JIBU

Mjomba, pole, na pole kubwa zaidi ni ya dada yako. Mtu mzima na bado unatafuta makofi! Kusinzia kikaoni kunasameheka. Kunywa chai ya shukrani huku umenyamaza, hapana. Sikiliza. Kamati hutoa maoni tu, anayeamua ni baraza, na kabla halijakaa mnaweza kupeleka pingamizi. Leo hii nenda kwa dada yako, mwambie ulichofanya, kisha nyamaza. Akikufukuza, toka. Mwambie mwenyekiti mbele ya watu kwamba unaondoa kauli yako, zunguka kwa majirani uwaombe waweke saini, na daktari aeleze kwa maandishi hali ya kile kifua. Usiongeze chumvi hata chembe.

Siwezi kukuahidi kwamba baraza litasikia. Mara nyingi malori hushinda. Yakishinda, mpe shemeji yako chumba chako cha kulala, wewe tandika mkeka sebuleni.