Maneno Magumu ya Kijiti

Jumapili, 4 Mei

Nimefua mashuka ya watu mpaka vidole vimekunjamana. Kijiti, mjukuu wangu, amebana vikaratasi vyake vya Kiingereza kwenye kamba ya nguo. Mimi nafua namwuliza, yeye anajibu. Mtihani Alhamisi. Akipita, chuo kitamsomesha na kumlisha. Akifeli — beseni, kama mimi, kama mama yake. Hapana! Shule sikuiona hata mlango. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu. Lakini leo najua *reluctant*: mtu hataki, ila anakwenda. "Kama wewe na dawa zako, Bibi." Mtoto hana adabu huyu! Mama yake akacheka huko kitandani mpaka kikohozi kikamkaba.

Jumanne, 6 Mei

Nimempeleka binti yangu hospitali. Madaktari wawili wakaongea Kiingereza juu ya kitanda, kama sisi ni magodoro. Nikalinasa neno moja: *imminent*. Lilikuwa kwenye kamba. Jambo lililokwisha fika mlangoni. Kisha mmoja akanigeukia kwa Kiswahili kitamu: mrudishe nyumbani, mama, apumzike, tutaona. Utaona nini, wewe?

Binti yangu aliusoma uso wangu. Njiani akasema Kijiti asijue mpaka amalize mtihani. Niape. Nikaapa.

Jumatano, 7 Mei

Binti yangu hali, hanywi. Nimemwambia Kijiti ni dawa zinamlegeza. Akaniamini. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 8 Mei

Kijiti aliondoka asubuhi, kambusu mama yake kwenye paji. Hata kona hajaifikia, binti yangu akanifia mikononi. Mwanangu mimi! Pumzi moja, halafu basi.

Jirani aliyekuja kunisaidia kumgeuza akataka kuangua kilio, nikamziba mdomo kwa kiganja. Mara mlango — Kijiti! Kasahau kitambulisho. Nikajaza mlango wa chumba kwa mwili wangu wote.

"Mama ameamka?"

"Amelala. Chukua uende, utachelewa."

"Mbona jirani analia?"

"Jino."

"Pole, shangazi," akasema, akakimbia. Na jirani, maskini, akaitikia: "Asante, mwanangu."

Baadaye shemeji yangu akaja, akanifokea. Nimemwibia mtoto mama yake, ati. Afuatwe sasa hivi, atolewe kwenye mtihani. Nikamwambia wa kumfuata anipite mimi kwanza. Labda ana haki. Sijui. Binti yangu bado ana joto chini ya shuka, na mimi nimekaa hapa pembeni yake naandika, maana nikiacha nitapiga ukelele mtaa mzima usikie.

Nje nasikia vishindo. Wanaume wanapanga viti vya waombolezaji mbele ya nyumba. Viti! Nimepiga kelele dirishani waviondoe, hakuna anayenisikia. Mtihani umekwisha saa hizi. Akikata kona tu, ataviona kabla hajaniona mimi —