Pumba za Kopo

Kamina, Jumanne.

Simwamini yule muuzaji wa sokoni. Amemshawishi mke wangu kwamba unga wa kopo lake hulisha bakteria wa tumboni na kupunguza uzito. Nilisoma kibandiko: pumba za mahindi. Zile zile tunazochekecha kwenye unga wa bukari, ugali wetu, na kuwatupia bata.

"Basi tuache kuchekecha," nilimwambia.

"Baba Ilunga, minyi niko bata?" aliniuliza.

Nilicheka, lakini nina hofu. Sukari yake inapanda, na dada yake alikatwa mguu kwa kisukari. Nimesoma kwamba nyuzinyuzi hulisha bakteria hao kweli, na hushibisha. Kwamba zitampunguza mwili, sina hakika.

Jioni alinipakulia bukari yenye pumba. Yeye akajipakulia nyeupe. Nilimaliza yote, nisimpe kisingizio cha kuzikataa pumba kesho.