Kanda ya Mzee Njeru Ilikuwa Shambani

Alhamisi, Kiambere. Joto tangu asubuhi, na upepo wa kutoka upande wa bwawa umeleta vumbi tu. Mgongo unauma palepale pa jana. Leo simwamini mtu yeyote, na mimi mwenyewe nimo.

Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea.

Ni msimu wangu wa pili kama kibarua wa Mzee Njeru. Kwetu ni Bungoma, kwa Waluhya. Shule niliiacha darasa la saba, na tangu hapo nimechimba, nimebeba na nimepalilia katika kaunti nyingi kuliko ninazoweza kuzitaja kwa mpangilio. Mwezi huu kazi yangu ni kuwazuia ndege wasimalize mtama. Kweleakwelea wakitua shambani asubuhi, kufikia mchana unabaki na mabua. Huku Mbeere watu huchukua kanda za zamani za muziki, huuvuta ule utepe wa ndani na kuufunga kutoka kijiti hadi kijiti. Upepo ukipita, utepe unalia na kumetameta, nao ndege wanaogopa. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilidhani wanamchezea mgeni. Lakini inafanya kazi.

Jumanne mke wa Mzee, Mama Ireri, alinipa katoni yenye kanda kumi na moja. "Funga zote," akasema. Nikafunga zote. Kumi zilikuwa za kwaya na mahubiri. Moja, iliyokuwa juu kabisa, haikuwa na karatasi ya dukani. Iliandikwa kwa kalamu: Embu, mazoezi.

Niliyasoma hayo maneno. Sikuuliza. Nimeshafukuzwa kazi mbili kwa sababu ya kuuliza.

Sasa nieleze habari ya hiyo kanda. Mzee Njeru husema kwamba akiwa kijana alipiga gitaa la umeme katika bendi moja mjini Embu. Walikuwa wanne. Wakaenda Nairobi studio, wakaambiwa wapige kwa majaribio, wakapiga, wakaambiwa asanteni, rudini nyumbani. Baadaye wimbo wao ukatoka kwenye santuri kwa jina la mtu mwingine, na nchi nzima ikaucheza. Mpaka leo unapigwa kwenye harusi. Ule mwanzo wake, gitaa peke yake kabla ngoma haijaingia, Mzee anasema ni vidole vyake. Ushahidi wake ni kanda ya mazoezi waliyojirekodi kabla ya safari ya Nairobi, na mwanzoni yeye mwenyewe anataja tarehe.

Sikuwahi kumwamini. Kila kilabu cha pombe nilichoingia nimekuta mwanamume mmoja aliyeibiwa wimbo.

Wiki hii redio imenizidishia hayo mashaka. Kuna kipindi cha kila siku cha historia ya muziki wa roki na pop, nami hukisikiliza kwa simu nikiwa kwenye mtama. Jumatatu mtangazaji alisema kuna mpiga gitaa wa ng'ambo aliyelimwagia gitaa lake mafuta na kulichoma jukwaani watu wakitazama. Mimi nikajiuliza kama lilikuwa lake kweli. Mtu hachomi jembe lake. Jana akasema mwimbaji mwingine alizomewa kwa sababu alikuja na gitaa la umeme badala ya lile la kawaida, na mtu akamwita msaliti. Hiyo niliiamini upesi. Watu kumzomea mtu wao nimeona.

Leo mchana Mzee alikuja hadi shambani kwa fimbo yake. Akaniambia kwamba watu wa kipindi cha nyimbo za zamani watafika Jumamosi kuisikiliza kanda yake. Alipigiwa simu Jumapili.

"Kijana," akasema, ingawa nina miaka arobaini na sita, "hukuona kanda moja imeandikwa kwa kalamu?"

"Sijaona, Mzee."

Nilimdanganya mzee wa watu jua likiwa utosini.

Kanda yenyewe ilikuwa inalia juu ya kichwa chake. Mstari wa tatu, karibu na mti wa mukau. Alisimama chini yake, akautazama mtama, akatazama vijiti, kisha akaenda zake polepole. Hakuniangalia usoni hata mara moja. Hapo ndipo mashaka yalipoanza kunitembea kama siafu.

Kwanza nilimshuku Mama. Kwa nini aliiweka juu kabisa, ili iwe ya kwanza kushikwa?

Halafu nikamshuku Mzee. Simu ilikuja Jumapili. Katoni ilikaa barazani, kando ya kiti chake, mpaka Jumanne. Mtu anayesubiri ushahidi wa maisha yake yote hukaa siku mbili kando yake bila kunyoosha mkono? Au alitaka ipotee? Kanda iliyopotea haiwezi kumwumbua. Anaweza kuitaja mpaka siku ya kuzikwa.

Mwisho nikajishuku mwenyewe. Labda nawatafutia wao makosa ili nisahau kwamba aliyeifunga ni mimi, na aliyedanganya ni mimi.

Nikaanza kuitoa.

Bahati ni kwamba sikuwa nimevunja ganda lake. Nililifunga kwenye kijiti cha kwanza na kuuvuta utepe tu. Niliufungua kijiti baada ya kijiti, nikaupangusa vumbi kwa fulana, nikaingiza biro kwenye tundu la ganda na kuanza kuzungusha. Mahali pawili ulikuwa umejikunja kama jani kavu. Mahali pamoja ulikatika, nikaunga kwa seloteipu. Ndege waliuona mstari wazi wakatua. Sikuwafukuza.

Mama Ireri alinikuta bado nazungusha.

"Wanjala, jua limekulewesha? Ndege wanakula na wewe unachezea biro!"

"Mama, hii ni ile kanda ya Mzee."

"Najua ni gani. Si ni mimi nilikupatia?"

Akaketi kwenye jiwe, akafungua leso na kuifunga tena.

"Huo wimbo ukipigwa kwenye harusi," akasema, "yeye huweka sahani chini, chakula kinapoa. Kila harusi. Sasa watoto wa redio wakuje, wasikie kelele tupu, wamcheke kwa heshima halafu wapande gari. Nani atabaki naye hapa? Wewe utarudi kwenu kula kuku."

"Kwani uliwahi kuisikia, Mama?"

"Mimi? Hapana. Na sitaki."

Akainuka akaenda kuwafukuza ndege kwa mikono yake mwenyewe. Hakuniambia niiache. Hakuniambia niendelee.

Saa kumi na moja jioni nilimpelekea Mzee kanda yake barazani. Nikamwambia kwamba nilimdanganya mchana. Aliigeuza mkononi, akaligusa lile andiko kwa kidole gumba. Sikuona furaha. Niliona mtu aliyeletewa barua ya korti.

"Umeisikiliza?"

"Hapana, Mzee."

"Hata mimi. Tangu tuliporudi kutoka Nairobi." Akashusha sauti. "Mluhya, Jumamosi nisaidie kitu kimoja. Wakifika, waambie ulizifunga zote, ukaharibu bila kujua. Sitakufukuza. Hao hawatakuuliza mengi. Wewe ni kibarua tu."

Yaani nilikuwa nimemshuku sawasawa. Na haikunipa raha yoyote.

Tangu hapo nafikiri kuhusu zile hadithi zote za redioni za nyimbo zilizopotea, ambapo siku zote kuna mfagizi asiye na jina aliyetupa kitu bila kujua thamani yake. Siziamini tena hadithi hizo. Nadhani wengi wa wafagizi hao waliombwa barazani kama mimi.

Nilimjibu kwamba sitafanya hivyo. Aliniuliza kama nataka kazi au sitaki. Nikasema nataka, tena sana, kwa sababu sina kwingine pa kwenda kabla ya mavuno. Lakini kama ni mimi wa kuitwa mjinga mbele ya wageni, basi kwanza nisikie ni kitu gani ninachosingiziwa kukiharibu. Tuiweke kwenye redio yake ya kanda, yeye na mimi, hakuna mtu mwingine.

Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinasogea juu ya goti, kimoja kimoja. Sidhani alijua kwamba vinasogea.

"Kesho," akasema. "Mama akienda sokoni."

Kwa hiyo nimeamua hivi, na ninaandika ili nisijigeuke. Gitaa likisikika, Jumamosi kanda itawekwa mezani mbele ya wageni hata kama nitalazimika kuiweka mimi, na kama ni kufukuzwa, nifukuzwe. Lakini tukikuta vumbi na makelele, au gitaa la mtu asiyejua kupiga, nitaifunga tena pale kwenye mukau kwa mkono wangu. Wageni wakija nitawaambia ni mimi niliyeiharibu, na kwamba kabla sijaiharibu niliisikia, na lilikuwa gitaa kama alivyosema.

Miaka yote nimefurahi nikigundua kwamba mtu alikuwa ananidanganya. Usiku huu naomba niwe nimemkosea Mzee.

Mama huondoka saa tatu.