Mnara wa Bi Somoe

Alhamisi, katikati ya Julai. Kusi linavuma tangu alfajiri, baridi ya kuvalia sweta, na linakuja na harufu ya salfa, dawa ya unga inayopulizwa mikoroshoni upande wa Naliendele. Kila anayepita njiani anapiga chafya.

Leo nilikuwa na kazi ambayo nisingemtakia mtu: kumwambia Bi Somoe kwamba mnara wake hautajengwa.

Bi Somoe ni jirani yangu. Ana shamba la mikorosho Mpapura, na alikuwa na mtoto mmoja, Hamisi, fundi cherehani, ambaye pia ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wetu mdogo huu ulio karibu na uwanja wa ndege. Mwaka jana homa ilimchukua. Amezikwa hapa hapa, makaburi ya nyuma ya chuo cha Kurani, upande unaotazama uwanja.

Nieleze kidogo habari ya sauti, kwa sababu asiyekaa huku ataona tunadeka. Ndege hutua ikiukabili upepo. Msimu wa kusi hushuka kwa kupita juu ya mapaa yetu. Kaskazi ikianza hugeuza njia, nasi tunapumzika. Ndege zenyewe si nyingi. Mgeni akitoka Dar hutushangaa kwa malalamiko yetu. Lakini ile ya alasiri, ambayo haina saa ya kuaminika, hupita chini kiasi kwamba mabati hutetemeka na vikombe hugongana kabatini. Mara nyingi ilimkuta Hamisi katikati ya adhana. Hakunyamaza. Alipandisha sauti, ikamezwa, naye akaendelea humo humo ndani ya ngurumo. Mama yake alikuwa akisimama uani, ungo mkononi, ameacha kupepeta, akisubiri sauti itokee upande wa pili.

Ikitokea, alicheka.

Alipofiwa aliweka nadhiri. Atajenga mnara, vipaza sauti vikae juu sana, adhana isimezwe tena. Iwe sadaka ya kuendelea kwa mwanawe. Msimu wa korosho uliopita akafyatulisha matofali. Yapo uani mwa msikiti mpaka leo, yamepangwa vizuri, na upande wa kivulini yameanza kuota ukoga.

Tukaenda kuomba kibali cha ujenzi. Kwa kuwa nilifundisha jiografia kwa miaka mingi, na napenda ramani kuliko inavyofaa, kamati ya msikiti ilinituma mimi. Jumatatu niliitwa ofisini kupokea jibu.

Ofisa wa mipango miji ni binti mdogo mwenye adabu. Aliniamkia, akanivutia kiti, akatandaza ramani mezani. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Msikiti wetu ulikuwa ndani ya ukanda uliotiwa rangi.

"Mzee wangu, msikiti hauna tatizo," alisema. "Paa lenu liko chini, hata mkibadilisha bati ni sawa. Ila huu mnara unaingia kwenye njia ya ndege kushukia. Hata angekuja baba yangu mzazi kuuombea, nisingempa kibali."

Nilimuuliza habari ya kelele, maana nilitumwa na hilo pia. Akasema malalamiko yetu yamepokelewa, na kwamba mpango wa matumizi ya ardhi hautaruhusu nyumba wala shule mpya kuongezwa karibu na njia ya kurukia.

"Na sisi wa zamani?"

Alirudisha macho kwenye ramani. "Nyie mpo, mzee. Hamjakatazwa kuwepo."

Nimeibeba sentensi hiyo tangu Jumatatu. Sidhani alikuwa na ubaya. Babu zetu walilima mihogo hapa, uwanja ukaja, mji ukaufuata uwanja, kisha uwanja ukarefushwa, ukaufuata mji. Anayetafuta wa kumlaumu atazunguka mpaka jua lizame. Na ndege hizi hizi ndizo zilizomwahisha hospitali ya Dar jirani yetu mmoja alipopigwa na kiharusi. Amerudi, anatembea kwa mkongojo, na analalamikia kelele kuliko sisi sote.

Jana kamati ilikaa. Mzee Issa, aliyestaafu kazi ya bandarini na ambaye ni mtani wangu, alisema tujenge tu.

"Nani atapanda na futi kamba kuja kutupima?"

"Mimi," nilisema.

Walicheka. Mimi sikucheka.

"Mtani, wewe uko upande wetu au wa rubani?"

"Rubani ana watu nyuma yake, Issa. Huenda mmoja ni mjukuu wako."

"Wajukuu zangu wanapanda basi." Kisha akashusha sauti kidogo. "Haya. Lakini kwa Bi Somoe uende mwenyewe. Si wewe ndiye bingwa wa kueleza? Siku ukifa utamweleza mchimba kaburi namna ya kushika jembe."

"Na wewe utakuwepo, ukiulizia wali wa matanga umefikia wapi."

Tulicheka wote. Kazi ikabaki kwangu.

Nimeenda leo baada ya Adhuhuri. Bi Somoe alinitandikia mkeka barazani, akaleta chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Nikaomba sinia.

"Sinia la nini tena, Mwalimu? Mihogo si ipo kwenye sahani?"

Nililishika mbele yake, ukingo mmoja nikauweka sakafuni na mwingine nikauinua. Nikamwambia: hapa chini ndipo mwisho wa njia ya kurukia, na kadiri unavyokwenda mbali nayo, sinia linapanda. Ndege inashuka kwa kupita juu ya sinia. Chini yake watu wanaweza kuishi na kujenga. Kinachotoboa sinia ndicho kinachokataliwa, kiwe mnazi, kiwe nguzo, kiwe nyumba ya Mungu. Nikaingiza kikombe chini yake, kikakaa. Nikaingiza chupa ya chai, sinia likainuka.

Nikaongeza na lile ambalo sikutumwa: kwamba hata kama mnara ungeruhusiwa, usingeishinda ndege. Ngurumo inatoka juu na kuenea kote. Kipaza sauti ukikipandisha unakisogeza karibu nayo tu.

Nilieleza vizuri. Ninaliona hilo hata sasa, na linanichoma.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaivuta chupa kutoka chini ya sinia, akanimiminia chai.

"Mwalimu, sinia nimeliona. Mteremko nimeuelewa. Sasa nieleze na hili: nadhiri yangu niiweke wapi?"

Nililaza sinia mkekani.

Nikamfikishia aliyosema imamu, kwamba mtu akizuiwa jambo la kheri kwa sababu lina madhara kwa wengine, aligeuze liwe kheri nyingine, na Mungu anajua nia. Nikataja kisima, sadaka ambayo kila mtu huifikiria kwanza.

"Kisima kinakwenda chini," alisema. "Huko chini nako wenye ndege hawapiti?"

"Hawapiti, dada."

"Wala kibali hakitakiwi?"

"Kibali kinatakiwa."

"Ala! Juu kuna mwenyewe, chini kuna mwenyewe." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Hapana, Mwalimu. Mwanangu alikuwa na sauti. Hakuwa na maji."

Akajifunika uso kwa upindo wa kanga. Nikatazama chai yangu. Kuna machozi ambayo mtu mzima huyaheshimu kwa kutoyaona, na mimi, niliyezoea kujaza kila ukimya darasani, nilijilazimisha kukaa kimya mpaka yaishe.

Kutoka chuoni zilikuwa zinasikika sauti za watoto wakisoma. Baada ya muda alifunua uso, akafunga kanga vizuri, akasema, "Twende huko."

Chuo chetu kimeshikana na msikiti. Kina paa la bati na kuta za nusu, zinamfika mtu kiunoni, juu kuko wazi. Tulikaa kwenye mkeka wa nyuma. Ustadhi Bakari aliitikia salamu yetu kwa kichwa, akaendelea. Yeye anatangulia aya, watoto wanafuata kwa pamoja, wanayumbayumba kama ilivyo desturi yao.

Ndege ikaja.

Nimeishi na sauti hiyo kwa muda mrefu, lakini sikuwahi kukaa humo ndani ikipita. Watoto hawakunyamaza. Walifunikwa. Niliona midomo inakwenda, koo zimetoka mishipa, Ustadhi kamwinamia mtoto wa mbele na kiganja sikioni, na hakuna herufi moja iliyonifikia. Ilipokwisha kupita, nusu yao walikuwa kwenye aya moja na nusu kwenye nyingine, wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Turudi mwanzo," alisema Ustadhi, bila hasira. Ni neno alilolizoea.

Nilimtazama Bi Somoe. Hakuwa anacheka. Nadhani alikuwa anasubiri, kama alivyosubiri zamani uani kwake, na safari hii iliyotokea upande wa pili ilikuwa fujo tu.

"Ustadhi, kila siku hivi?"

"Msimu huu, mama, karibu kila siku."

"Na wakirudi mwanzo, wanafika mwisho?"

Ustadhi aliwatazama watoto. "Wengine wanafika."

Bi Somoe aliinuka akaanza kutembea kando ya kuta, kiganja chake kikipita juu ya tofali za mwisho, pale ujenzi ulipokomea siku zile fedha zilipokwisha. Aliporudi aliniuliza swali kama mtu anayeuliza bei.

"Yale matofali yangu yakipandishwa hapa mpaka yaguse paa, na dari ikawekwa, watasikilizana?"

"Watasikilizana zaidi kuliko sasa."

"Na hilo sinia lako?"

"Halitaguswa."

"Basi."

Nilidhani amemaliza, nami nilishaanza kuhesabu moyoni: upande wa barabarani madirisha mawili ya kupitisha hewa, maana kaskazi ikifika joto litawaua watoto, upande wa uwanja ukuta mzima, usio na tundu, kwa sababu huko ndiko ndege inakoshukia na ngurumo inakozidi. Ndivyo mtu yeyote aliyesoma angeuchora.

Alikuwa amesimama upande huo huo wa uwanja, mikono juu ya ukuta wa nusu, akiyatazama makaburi.

"Ila huku uniachie dirisha, Mwalimu. Liwe kubwa. Wakisoma, naye awasikie."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo maelezo yote, yamepangika: jinsi sauti inavyopenya, jinsi tundu moja kubwa linavyoweza kuupunguzia ukuta mzima kazi yake.

"Liwe kubwa kiasi gani, dada?" nikamuuliza.

Akatanua mikono. Nikaipima kwa macho.

Jioni hii nimeuchora ukuta, pamoja na dari, na dirisha lipo mahali alipotaka, kubwa kama alivyotaka. Nimemwambia Ustadhi atafute mbao nzito za kulifunga ndege ikikaribia, na amekubali kujaribu. Nimemwambia pia Mzee Issa, aliyepita kuuliza kama bado niko hai. Alitazama mchoro kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akaondoka bila kunitania.

Hata ukuta huu unahitaji kibali. Sijui kama wataukubali upesi, na najiuliza kama nimemtendea haki mama yule au nimemhamishia tu huzuni kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Kesho ni Ijumaa. Nitawahi ofisini kabla ya swala nikampe mchoro yule binti wa mipango miji. Anajua kazi yake. Ataliona dirisha mara moja. Akiniuliza kwa nini nimeliweka upande wa kelele, nitamwambia upande huo kuna mtu.