Baba Alimlilia Mtu wa Nyota

Ringwani, Jumamosi, Agosti 1976

Na machozi alitoa! Baba yangu mzima, mbele ya kijiji chote, anamlilia mtu mwenye ngozi ya kijani.

Gari la sinema lilikuja jioni, wakatundika shuka kwenye ukuta wa ghala. Mtu wa kipaza sauti akatueleza: yule bwana ametoka kwenye nyota, binti wa duniani anampenda, baba wa binti hataki. Mwishoni bwana akapaa na chombo chake peke yake, binti akabaki analia.

"Baba yule hana akili," baba alisema tukirudi nyumbani. "Mtu ametoka mbali hivyo kumfuata mtoto wako, unamfukuzia nini?"

Mama alinifinya mkono ninyamaze. Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Baba ni balozi wa nyumba kumi, kwake kila mtu ni ndugu. Hata Okello, aliyekuwa akifundisha kisomo cha watu wazima hapa, alikuwa "ndugu mwalimu" mpaka alipoleta posa yangu. Siku hiyo akageuka Mjaluo. "Huyu hajatahiriwa," baba alisema. "Mimi Mkurya nimwoze binti yangu kwa mtoto?" Okello ana miaka thelathini. Akaomba uhamisho, akaenda.

Naogopa ameshapata mwingine huko kwao Shirati. Barua haziji, na mimi...

Yule wa kijani alikuwa na vidole sita, hata pua hakuwa nayo. Baba hakuuliza kama ametahiriwa.