Watatu wa Kwenda Gulwe kwa Baiskeli

Kolo, Kondoa
5 Mei 2024

Kwa dada yangu Stara,

Asalaam alaykum, na shikamoo dada. Natumaini wewe na Rukaya wazima na vitumbua vinatoka. Huku tunashukuru, mguu wa Joha umepona, anakusalimia sana wewe wifi yake.

Nimeandika barua nikampa kondakta wa basi kwa sababu simu nikipiga unaongea wewe, salio linaisha sijasema shida yangu. Kwa hiyo isome mpaka mwisho.

Kuna kampuni ya Arusha inataka kuleta wageni wa kutembea kwa baiskeli. Waanzie hapa Kolo kwenye michoro ya mapangoni, washuke Kondoa, Chemba, Dodoma, Kongwa, Mpwapwa, mpaka Gulwe wapande treni. Kilomita mia tatu na kitu, siku sita. Bwana wao, Elisante, alipata pancha hapa, nikamzibia, tukaongea. Kazi ya kuongoza hiyo njia ananipa mimi, lakini kwanza anione nimeongoza watu watatu wa kawaida, siyo wa mashindano, na wote wafike Gulwe kwa baiskeli. Tunaondoka Jumamosi tarehe 13 Julai. Majina anayataka kabla ya tarehe 5. Nikikosa watu, kazi anapewa fundi mmoja wa Babati.

Huku kila ninayemwambia anacheka, ananiuliza kwani mabasi yameisha? Wewe Mkonze yote unaijua. Nitafutie watatu. Hii gereji haitulishi tena dada. Kazi hii ikinipita nafunga, tunahamia Manyoni kwa kaka yake Joha, nikamchungie ng'ombe kwa umri huu.

Mdogo wako,
Swedi

*

Mkonze, Dodoma
14 Mei 2024

Mdogo wangu Swedi,

Waalaykum salaam, marahaba baba. Sie wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na Rukaya ana mafua, na jirani wa nyuma kaleta mbuzi anayekula kamba ya nguo, lakini wazima. Mwambie wifi nimefurahi mguu umepona, ule mguu ulinikosesha usingizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya tatu nimewasomea wateja. Manyoni huendi! Ukachunge ng'ombe za shemeji, aje akutume na maji? Hapana. Sasa kaa, nikwambie nilivyofanya, utanipenda.

Nimeunda kamati.

Jumapili walikuja watu ishirini na sita hapa kibarazani kwangu, mwenzangu, viti vikaazimwa msikitini na kanisani. Mwenyekiti Mama Sila, si unamjua, yule aliyeendesha harusi tatu mwaka jana na hakuna hata moja iliyokosa soda. Katibu Mwalimu Cornel, mstaafu, anaandika kila kitu hata mtu akikohoa. Kuna kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, na kundi la wasapu lina watu arobaini na moja. Sare tumechagua, kitenge cha kijani chenye matairi matairi. Mzee mmoja alichelewa, akakaa, akasikiliza weee, mwishoni akanyoosha mkono akauliza, "Samahani, bibi harusi ni wa ukoo gani?" Tulicheka mpaka kiti kikavunjika, na ni cha kanisani.

Wa kupanda baiskeli bado kidogo. Niliuliza, nani anajua baiskeli? Mikono tisa ikapanda. Nikauliza, nani atakwenda mpaka Gulwe? Ikashuka yote, hata ya wale waliokuwa wanajikuna. Lakini usijali, watu wakishaona sare watajitokeza.

Nikupe na ya mtaani. Kuna baba hapa nyumba ya tatu anaitwa Ebenezer, yuko Bunge, kwenye ile ofisi inayoandika maneno ya wabunge. Mtu mzima, mpole, mkewe Violeth anafanya kazi halmashauri ya jiji. Basi kila Jumamosi alfajiri anatoka ananyata. Kavaa kaptula nyeusi imembana, mtu mzima yule, halafu makalioni ina kitu kama nepi! Na viatu vinagonga lami ko ko ko kama vya bibi harusi. Anakwenda kwa rafiki yake Optatus, anaingia, anarudi saa sita mchana kalowa jasho, kachoka, anatabasamu peke yake. Mtu anatabasamu nini peke yake? Ana mwanamke yule. Nilipokuwa nachoma vitumbua nilisema tu kidogo, sasa wanajua wote, na nasikia Violeth kamhamishia sebuleni.

Salaam kwa wote.

Dada yako mpenzi,
Stara

*

Kolo
22 Mei 2024

Dada Stara,

Shikamoo. Sisi wazima, tunavuna uwele. Pole na goti.

Dada, nimekuomba watu watatu wa kupiga pedeli, umenipa kamati. Mapambo ya nini? Tutapamba njia?

Sikiliza. Huyo anayekuletea maziwa kila asubuhi, Matonya, anatoka wapi? Mpunguzi. Anakuja na nini? Na baiskeli, na madumu mawili kwenye keria, kila siku ya Mungu. Umemuuliza? Najua hujamuuliza, kwa sababu hakukaa kwenye kiti cha kamati.

La pili. Kaptula ya kubana yenye sponji matakoni, viatu vya chuma chini vinavyogonga ko ko ko. Dada yangu, huyo mtu hana mwanamke. Hizo ni nguo za baiskeli. Elisante alivaa hizo hizo alipokuja hapa. Viatu vinanasa kwenye pedeli. Baiskeli kaificha kwa Optatus. Umempata mpanda baiskeli halisi ukamfanya mzinzi.

Nenda kamuombe. Na kwanza kamuombe radhi.

Mdogo wako,
Swedi

*

Mkonze
6 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua ya Rukaya yamekwisha, sasa ninayo mimi. Mbuzi yule kala na sare ya mfano.

Nianze na habari nzuri. Matonya nilimkamata mlangoni kabla hajanimiminia. Nikamwambia yote. Akaniangalia, akasema, "Mama Rukaya, kwenda tu bila kuuza?" Nikasema kwenda tu. Akasema, "Mimi bila madumu sijui kama baiskeli itatulia, itanitupa." Nikamwambia abebe hata maji. Akafikiri, akasema njia siyo shida, shida wateja, siku sita hawamuoni watahamia kwa wa pikipiki na hawatarudi. Nikamfikishia Mama Sila, akaitisha kikao cha dharura, wote tukala yamini hakuna kuhama muuza maziwa, wiki hiyo tutakunywa chai ya rangi. Mwalimu Cornel kaandika, watu wamesaini, wengine dole gumba. Matonya kakubali!

Sasa Ebenezer. We acha tu. Nilikwenda jioni na kisahani cha vitumbua nimefunika na kitambaa cha maua. Akafungua mlango nusu. Nikasema, "Shemeji, nasikia wewe mtaalamu wa baiskeli." Akasema, "Na mimi nasikia nina mwanamke." Nikacheka, nikidhani tutacheka wote. Hakucheka, Swedi. Akasema, "Mama Rukaya, mwaka jana nilianguka nikavunjika mfupa wa bega, mke wangu akanikataza baiskeli. Ndiyo maana naificha. Sasa nikisema nilikuwa kwenye baiskeli nimekosa, nikinyamaza nimekosa zaidi. Nalala sebuleni wiki ya tatu. Kazini wananiita bwana harusi. Halafu unaniletea vitumbua?" Akafunga. Siyo kwa kishindo, angefunga kwa kishindo ningejua la kusema. Alifunga taratibu.

Nimerudi navyo. Hakuna aliyevila.

Mimi huwa nasema tu, baba, kufurahisha watu chai ishuke. Labda nimtafute mtu mwingine? Kuna kijana wa chuo anasema atakuja akipewa baiskeli, kofia na posho.

Dada yako,
Stara

*

Kolo
18 Juni 2024

Dada,

Idi imepita salama, nyama yako Joha kaikausha.

Mtu mwingine usitafute. Hata kama nisingekuwa na shida ya watu, bado ungetakiwa kwenda kumwomba radhi. Yaliyosemwa kibarazani yakasafishwe kibarazani, mbele ya wale wale. Vitumbua viache nyumbani.

Elisante kapita jana akaniuliza nina wangapi. Nimesema mmoja. Ameandika mmoja.

Mdogo wako,
Swedi

*

Mkonze
1 Julai 2024

Mdogo wangu Swedi,

Salaam nyingi. Goti lipo hivyo hivyo. Barua yako ilikuwa fupi, ikanichoma kuliko ndefu. Nikakaa nayo siku nne bila kumsomea mtu, hata Rukaya.

Wiki iliyopita kamati ilikaa. Nikamwomba Mama Sila anipe nafasi kabla ya ajenda. Na Violeth nilimfuata mwenyewe ofisini, nikamwambia njoo, nitasema jambo lako mbele ya watu, ukitaka unizabe utanizaba. Akaja, akakaa mwisho, na mkoba wake mapajani.

Nikasimama. Nimesema maneno mengi maisha yangu lakini hayo yaligoma. Nikasema, "Jamani, mwezi wa tano hapa hapa nilisema mzee Ebenezer ana mwanamke. Sikuona mwanamke. Niliona kaptula. Mwanamke nilimtunga mimi ili mcheke, nanyi mkacheka, mkampeleka mbali. Nimemdhulumu, na mke wake. Naomba radhi, na kila aliyeyapeleka maneno yale akayakanushe alikoyapeleka." Mwalimu Cornel mwenyewe kalamu ilisimama. Nikamwambia mwalimu andika, na hilo liandikwe.

Violeth akauliza, "Kama siyo mwanamke, alikuwa anakwenda wapi?" Hilo halikuwa langu. Nikasema kamuulize mwenye kaptula.

Basi akatoka. Sisi tukabaki tunakunywa chai bila kuongea, kitu ambacho hakijawahi kutokea hapa. Nusu saa hivi, tukasikia kelele mtaani. Ebenezer huyo, anaisukuma baiskeli kaitoa kwa Optatus, nyembamba kama panzi, na Violeth nyuma anafoka, "Afadhali angekuwa mwanamke! Mwanamke asingekuvunja bega!" Watu wote nje. Ebenezer akasema, "Mke wangu, nina miaka hamsini na mbili, kutwa naandika maneno ya watu wengine. Asubuhi zile za Jumamosi ndiyo za kwangu." Polepole vile. Yule mama akaitazama ile baiskeli. Akauliza, "Na huko Gulwe wanakokwenda, ni mbali?" Akaambiwa siku sita. Akasema, "Hutoki nyumbani kwangu siku sita bila mimi. Mimi shule Singida nilikuwa naendesha, tena na mdogo wangu nyuma."

Swedi, watatu! Andika: Matonya, Ebenezer, Violeth. Bunge la bajeti limekwisha, ruhusa wamepata. Violeth anafundishwa upya na Matonya uwanjani, jana kaanguka mara mbili, anainuka anatukana kwa Kinyaturu. Tarehe 12 wanapanda basi kuja kwako, baiskeli juu.

Na ile kamati uliyoicheka, kila mtu kataja ndugu aliye njiani. Chemba mtalala kwa binamu wa Mwalimu Cornel, Haneti kwa shangazi wa Mama Sila, Mkonze kwangu, Mbande mtapumzika, Kongwa na Mpwapwa mtalala, kote tumepiga simu, maji ya kuoga yatakuwepo. Kamati ya mapambo tumeivunja.

Ebenezer hajasema kanisamehe. Kaniambia tu, "Ile radhi umeiandikisha?" Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Dada yako,
Stara

*

Gulwe
18 Julai 2024

Dada Stara,

Shikamoo. Naandika nimekaa stesheni, mikono bado inatetemeka kwa barabara, usishangae mwandiko.

Tumefika. Wote wanne, kwa baiskeli zetu.

Pancha kumi na nne, zote za miba. Kabla ya Haneti jua lilitupiga, tukakuta maduka yamefungwa watu wako msibani, tukanywa maji ya Matonya. Alibeba madumu mawili kweli ili baiskeli itulie. Ulituona tulivyokuwa siku ya tatu hapo kwako, lakini kibaya kilikuwa bado. Kupanda kutoka Kongwa Violeth alishuka akakaa chini, akasema hapa ndiyo mwisho, niitieni gari. Nikajua kazi imekwenda. Ebenezer naye akashuka, akakaa pembeni yake, hata hakumbembeleza. Wakakaa. Baadaye Violeth akamuuliza, "Jumamosi zako huwa ni hivi?" Akamwambia, "Hapana, huwa niko peke yangu." Wakainuka, wakakokota kilima chote kwa miguu, juu wakapanda.

Elisante alikuwa anatungoja. Kahesabu watu, kanipa mkono. Wageni wa kwanza Septemba. Halafu akauliza tulilala hoteli gani huko kote. Nikamweleza. Akaandika jina lako. Nimempa namba, usikasirike.

Manyoni haipo tena.

Mdogo wako,
Swedi

*

Mkonze
2 Agosti 2024

Mdogo wangu Swedi, kiongozi wa msafara,

Marahaba, na hongera tena, nimeshalia, nimeshamaliza. Matonya kawakuta wateja wake wote, isipokuwa mmoja aliyehama siku ya pili, na mtaa mzima unamjua, na safari hii sikusema mimi. Violeth kajinunulia kaptula yenye nepi. Ebenezer juzi kasimama hapa, kanunua vitumbua viwili, kala amesimama, kasema vina iliki ya kutosha. Hajakaa. Lakini alikula.

Sasa Elisante kapiga simu. Anasema wageni hawataki hoteli, wanataka kulala kwa watu kama mlivyolala nyie, na yeye hajui mtu yeyote toka Kolo mpaka Gulwe. Anataka mtu anayejua nani anakaa wapi, ana vyumba vingapi, choo chake kikoje, mkewe mkarimu au mchoyo, na mbwa anauma au haumi. Akaniuliza, "Mama, kazi kama hii huwa unatoza kiasi gani?"

Swedi, nilikaa chini. Nikamwambia baba, hii kazi tangu nizaliwe naifanya bure.

Akasema kuanzia mwezi huu siyo bure tena, tuanze na Kondoa.

Nikamwambia shika kalamu.

Dada yako,
Stara