Mukono wa Nzabandora

Kashebere, mwezi wa tano 1954

Papa yangu mupenzi Karekezi,

Nakusalimia kwa heshima na kwa jina la Yesu, wewe, Mama na wadogo wangu wote. Mumeamka namna gani huko mulimani? Ngombe ziko namna gani na mvua hii? Mimi niko muzima, Mungu ananichunga.

Katika kampuni yetu ya kubeba mizigo kumetokea jambo. Nataka ulijue kwangu mimi, mbele ya kulisikia kwa wapita njia.

Muzee wa watu wa kupakia mizigo kwa kamyo, ile motokari kubwa, hapa depo njo Nzabandora, muntu wa Ngungu. Walipokuwa wakishusha mafuta ya mawese yenye kutoka Walikale, pipa lilimuponda mukono wa kuume. Alitunzwa vizuri, lakini vidole havikunjiki tena. Mukubwa wa depo akasema muntu wa mukono mumoja hawezi kula mushahara wa mikono miwili, arudi kwao.

Wenzake wakakutana nyuma ya depo. Symphorien, mwenye nguvu kuliko wote na mwenye maneno machache, aliwaambia kwamba mizigo ya Nzabandora watagawanya kwa mabega yao, na muzee abaki kulinda mulango. Mama Rosalie, mwenye kuuzia washofere ndizi, alisema chumvi na vitambaa vya soko yote ya Kashebere vilipita kwa mugongo wa muzee huyu. Akauliza, kama anafukuzwa hivi, nani atatuma mutoto wake kwa kazi hiyo?

Wakapelekea mukubwa shauri hilo, akakataa. Kesho yake kamyo ilisimama tupu, na hakuna muntu aligusa pipa. Walijua wanaweza kufungwa. Papa, niliwaangalia wale watu, wengine wana watoto saba ao nane, na hakuna aliyerudi nyuma.

Mukubwa akaniita mimi karani, niwaambie kwamba wote watafukuzwa. Nikamujibu, "Bwana, kamyo iko ya kampuni, lakini mabega iko yao."

Alikasirika sana. Kisha akaangalia mapipa, akaangalia mawingu ya mvua yenye ingefunga barabara, akasema muzee abaki.

Lakini hasira ile ilitafuta pa kukaa, na ilikaa kwangu. Papa, mimi si karani tena. Niko kati ya watu wa kupakia, nabeba sehemu ya Nzabandora. Najua uliambia majirani mutoto wako anakaa kwa kiti ya biro, kazi yake kuandika. Siku ya kwanza ngozi ya bega ilitoka. Symphorien alikunja gunia yake, akaniwekea pale, akaendelea na kazi. Hakuna aliyenicheka. Kama kwako jambo hili iko haya, uniandikie kweli; lakini sitaacha watu hawa.

Salimia Mama, na dada Kamaliza na watoto wake. Ukishuka Ngungu, upitie kwa bibi ya Nzabandora, Mama Verdiane, umupelekee maziwa. Umuambie bwana yake iko kazini.

Mimi mutoto wako,
Gasana